Kunadi mtandaoni ni nusu ya safari, nusu nyingine imo daftarini

KUHAMISHA mnada kutoka ukumbini hadi katika tarakilishi ni tendo linaloonekana kwa macho. Wakuu hualikwa, hotuba hutolewa, na wapigapicha hupata skrini ya kuelekezea kamera zao. Yale yanayotendeka dakika moja baada ya bei ya mwisho kutajwa hayapigwi picha, kwa kuwa ni kazi ya makarani: kuandika jina la mnunuzi, kutenga fungu lililouzwa ghalani, kutoa ankara, kungojea benki, kuruhusu gari lipakie.

Na bado ni huko, wala si kwenye skrini, ambako fedha za mkulima hukawia.

Suala hili ni zito nchini Kenya kuliko wengi wanavyodhani. Chai, maua na kahawa ni miongoni mwa mazao yanayoiletea nchi fedha za kigeni, na yote matatu, kwa kiwango kimoja au kingine, hutafutiwa bei mnadani. Minada hiyo nayo imeingia mtandaoni. Kwa hivyo swali la iwapo tunadi kwa nyundo au kwa kubofya limekwisha kujibiwa. Lililobaki ni kama mfumo unaonadi unazungumza na mfumo unaohesabu.

Mfumo unaohesabu ni zile programu ambazo kampuni nyingi hutumia kusimamia oda. Ndizo zinazojua kilichomo ghalani, nani ameagiza nini, nani amepelekewa, nani amelipa na nani anadaiwa. Duka la jumla jijini Nairobi haliwezi kufanya kazi siku mbili bila programu ya aina hiyo.

Tatizo ni kwamba programu hizo zilibuniwa kwa kufuata mwenendo wa duka. Mteja huja akaona bei, akaagiza, mzigo ukatolewa, ankara ikaandikwa, malipo yakafuata. Bei hujulikana mwanzo na mnunuzi hujulikana kabla ya mzigo kutoka rafuni.

Mnada hugeuza utaratibu huo juu chini. Mzigo huwa umekwisha kufika ghalani, umepimwa na kupewa namba, ilhali bei haijulikani na mnunuzi hajulikani. Vyote viwili huzaliwa kwa pamoja, katika sekunde chache, na oda huandikwa baada ya mauzo badala ya kutangulia. Programu iliyozoea kuuliza bei kwanza hukwama hapo, na ndipo karani huitwa kuja kuchapa kwa mkono.

Waliotangulia kuiona adha hii ni wauzaji wadogo wa ughaibuni. Pierre Omidyar alipoanzisha soko la mnada ambalo baadaye liliitwa eBay, mnamo Septemba 1995 huko California, kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kalamu ya leza iliyovunjika, kwa dola 14.83. Kwa mauzo ya namna hiyo kipande cha karatasi kingetosha kuweka kumbukumbu. Lakini katika miaka michache tu kulikuwa na watu waliokuwa wakinadi mamia ya vitu kwa wiki, wengi wao wakiwa na duka la kawaida pembeni.

Kitu kimoja kiliweza kuwa rafuni dukani na wakati huohuo kiko mnadani. Akija mteja dukani akakinunua saa nne asubuhi, na mnada ukafungwa saa kumi jioni ukiwa na mshindi, muuzaji amekiuza kitu kimoja mara mbili. Mwaka wa 2000 eBay ilifungua mlango wa kielektroniki ambao programu za watu wengine zingeutumia kuweka bidhaa mnadani na kuchukua matokeo bila mtu kuketi na kunakili. Hatua hiyo haikutangazwa kwa vishindo, lakini iliwawezesha wauzaji wadogo kuwa wakubwa.

Wakenya wanaoagiza magari yaliyotumika kutoka Japani wanaujua upande wa pili wa jambo hili, upande wa mnunuzi. Magari mengi ya aina hiyo hupitia minada ya Japani, ambayo haimruhusu asiye mwanachama kutaja bei, hivyo mwagizaji wa Mombasa hutumia wakala. Gari likishapatikana huanza msururu wa ukaguzi, meli, ushuru na usajili, na sheria yetu hairuhusu gari lililozidi umri wa miaka minane. Mwaka wa kusajiliwa ukinakiliwa vibaya kutoka karatasi ya mnada, kosa hilo hugunduliwa gari likiwa bandarini Kilindini, ambako kila siku ya kukaa ina gharama yake.

Hata hivyo, gari ni kitu kimoja chenye namba moja. Chai ndiyo inayoonyesha ugumu wote wa jambo hili.

Mnada wa chai ulianza Nairobi mwaka wa 1956 na ukahamia Mombasa mwaka wa 1969. Unaendeshwa chini ya Shirika la Biashara ya Chai la Afrika Mashariki, EATTA, na huuza chai ya Kenya pamoja na ya Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi, Malawi na nchi nyingine jirani, bei zikitajwa kwa dola za Marekani. Kwa miongo mingi mnadi alisimama mbele ya ukumbi akiwa na katalogi iliyochapishwa, wanunuzi wakapaza sauti, nyundo ikalia.

Mfumo wa kielektroniki wa kuunganisha biashara hiyo ulikuwa ukiandaliwa kwa ufadhili wa Denmark kupitia TradeMark East Africa. Mwaka wa 2020, virusi vya korona vilipofanya mkusanyiko wa watu ukumbini kuwa hatari, mnada ulisukumwa kuingia mtandaoni. Colombo, nchini Sri Lanka, ilifanya vivyo hivyo mwezi wa Aprili mwaka huohuo. India ilikuwa imeanza mapema zaidi, na kufikia mwaka wa 2016 ilikuwa na mnada wa kielektroniki ulioruhusu mnunuzi wa eneo moja kununua katika vituo vya maeneo mengine.

Tuifuate chai hiyo hatua kwa hatua, maana hapa ndipo mambo yalipo.

Kiwandani, chai ikishakaushwa na kuchambuliwa kwa madaraja, hupakiwa katika magunia ya karatasi. Kundi la magunia ya daraja moja hupewa namba, na wafanyabiashara wa chai huliita kundi hilo invoisi, hata kabla ya mnunuzi yeyote kupatikana. Mhasibu akilisikia neno hilo hufikiria hati ya kudai pesa. Watu wawili walio katika jengo moja hutamka neno moja wakimaanisha vitu viwili, na fundi anayeunganisha programu zao asipong'amua tofauti hiyo mapema ataona madeni ambayo hayapo.

Kutoka kiwandani chai husafirishwa hadi maghala ya Mombasa. Huko hupimwa tena, na kilo kadhaa huchotwa ili kuwapa waonjaji sampuli. Dalali huiorodhesha katika katalogi na kuipa namba nyingine, namba ya fungu. Wanunuzi huonja, huweka alama zao, kisha mnada hufanyika. Kwa desturi ya soko mnunuzi hupewa takriban wiki mbili za kulipa, na akishalipa ndipo hupata hati ya kumruhusu kutoa mzigo ghalani.

Hebu hesabu walioandika habari za magunia hayohayo: kiwanda, msafirishaji, ghala, dalali, mwendeshaji wa mnada, mnunuzi, benki, mamlaka ya ushuru na kampuni ya meli. Wote tisa wana tarakilishi. Iwapo kila mmoja anachapa upya alichopokea kwa barua pepe kutoka kwa mwenzake, basi tumeuhamisha mnada mtandaoni lakini tumeyaacha madaftari tisa yakiwa tisa.

Kila mhariri msanifu anajua kwamba jina likipita mikononi mwa watu wanne hufika ukurasani likiwa na herufi ambayo mwenyewe haitambui. Uzito wa magunia hauna kinga dhidi ya maradhi hayo. Kilo zilizotoka kiwandani, kilo zilizopokewa ghalani na kilo zilizouzwa baada ya sampuli kuchotwa ni takwimu tatu tofauti na zote ni za kweli. Programu nzuri huzihifadhi zote tatu pamoja na sababu ya kila tofauti. Programu mbovu huifuta ya kwanza inapopokea ya pili, na hapo mkulima haambiwi tena kilo zake ziliendea wapi.

Kisha kuna chai isiyouzwa. Kwa mtazamo wa programu ya oda, hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, maana programu ya duka haijui kitu kiitwacho kukaribia kuuzwa.

Fungu lililo mnadani ni lazima litengwe ili lisiuzwe kwingine, lakini lisihesabiwe kuwa limeuzwa. Likikosa bei inayokubalika ni lazima lifunguliwe, lirudi katika akiba, na liorodheshwe upya katika mnada wa baadaye. Huko litapewa namba mpya ya fungu, ilhali namba ya kiwanda ingali ileile. Mfumo unaofuata namba ya fungu pekee utaiona chai moja kuwa mbili. Ile ya mnada wa kwanza itaonekana ingali ghalani, na ile ya mnada wa pili itaonekana imeuzwa.

Kwa miaka mingi hitilafu za aina hii zingeweza kuvumiliwa kwa sababu chai iliyorudi haikuwa nyingi mno. Hali ilibadilika mwezi wa Julai 2021, KTDA ilipoweka bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo kwa chai ya viwanda inavyovisimamia. Nia ilikuwa kumkinga mkulima dhidi ya bei za kutupa. Wanunuzi waliona baadhi ya chai haifikii thamani hiyo, wakaiacha, ikarudi, ikaorodheshwa tena, ikaachwa tena. Akiba iliyolala katika maghala ya Mombasa ilifikia mamilioni ya kilo, na mwaka wa 2024 serikali iliiondoa bei hiyo ya chini.

Mjadala wa iwapo bei hiyo ilikuwa na busara umeendeshwa sana katika vyombo vya habari na sina haja ya kuurudia. Kilichosahaulika katika mjadala huo ni swali la kikarani. Je, kila kiwanda kilijua, wiki kwa wiki, ni magunia mangapi ya kwake yaliyokuwa yamerudi, ya daraja gani, yamekaa siku ngapi na yameshatozwa kiasi gani cha ada ya ghala? Mkurugenzi wa kiwanda aliye na orodha hiyo mezani anaweza kumwambia dalali, uzeni haya kwa bei iliyopo, yale yasubiri. Asiye nayo hana la kufanya ila kungoja amri kutoka juu. Chai huzeeka, na iliyozeeka haipandi bei kwa kuwa mwenyewe anaionea huruma.

Tuje kwenye fedha. Sheria ya Chai ya mwaka wa 2020, iliyoanza kutekelezwa Januari 2021, inataka mapato ya mnada, baada ya kuondoa ada zilizokubaliwa, yafikishwe katika akaunti za viwanda ndani ya siku 14 tangu siku ya mnada. Muda anaopewa mnunuzi kwa desturi unakaribiana na huo. Maana yake ni kwamba mnunuzi akilipa siku ya mwisho, hakuna siku hata moja ya kulinganisha ankara na taarifa ya benki, kutafuta malipo ni ya mafungu yapi, na kuuliza kwa simu ni nani aliyetuma pesa bila kutaja namba. Kazi hiyo haina budi kufanywa na mashine, na mashine haiwezi kuifanya iwapo namba ya fungu haikufika hadi kwenye hati ya benki.

Kuna na suala la ubadilishaji wa fedha. Tuchukue mfano wa hesabu. Fungu la magunia 40, kila gunia kilo 68, lina kilo 2,720. Likiuzwa kwa dola 2.40 kwa kilo, thamani yake ni dola 6,528. Mnamo Januari 2024, dola moja ilipopita shilingi 160, fungu hilo lilikuwa na thamani ya zaidi ya shilingi 1,044,000. Kufikia katikati ya mwaka huo dola ilikuwa karibu shilingi 130, na fungu lilelile, kwa bei ileile ya dola, lingekuwa na thamani ya takriban shilingi 848,000. Tofauti inakaribia shilingi 196,000 katika fungu moja tu.

Kwa hiyo, tarehe ya kubadilisha dola si jambo dogo la mhasibu. Ni siku ya mnada, siku ya ankara, siku mnunuzi alipolipa, au siku benki ilipobadilisha? Mfumo uliounganishwa huandika tarehe hizo zote, kila moja mahali pake, na mtu akitaka kukagua atazikuta. Palipo na madaftari mengi, kila daftari lina tarehe yake, na mkulima hupewa ile iliyomfaa mwingine.

Wanaosema kwamba uunganishaji wa namna hii ni ndoto ya wataalamu wanapaswa kutazama waridi zinazotoka Naivasha. Sehemu ya maua ya Kenya huuzwa kupitia Royal FloraHolland, chama cha ushirika cha wakulima chenye mnada mkubwa huko Aalsmeer, karibu na Amsterdam. Hapo bei huanza juu na kushuka, kama mshale wa saa unaorudi nyuma, na anayebonyeza kwanza ndiye mnunuzi. Wanunuzi hawalazimiki kuketi ukumbini, kwa kuwa wengi hubonyeza wakiwa afisini mwao.

Lililo la maana kwetu si ile saa maarufu. Habari za mzigo hutumwa kwa hati ya kielektroniki, ambayo hueleza ni maua gani, mashina mangapi, marefu kiasi gani, katika ndoo ngapi. Mnunuzi akibonyeza, hati hiyohiyo ndiyo hugeuka kuwa oda, kisha agizo la toroli lipelekwe mlango gani, kisha ankara. Hakuna anayechapa upya idadi ya mashina.

Ushirika huo umekwenda mbali zaidi kwa jukwaa liitwalo Floriday, ambamo mkulima huingiza akiba yake mara moja na kuamua ni kiasi gani kiende kwenye saa ya mnada na kiasi gani kiuzwe moja kwa moja kwa mteja aliyeagiza. Siku hizi sehemu kubwa zaidi ya mauzo ya ushirika huo haipitii tena mnadani. Mkulima asiye na daftari moja lililo sahihi angelinadi na kuliahidi shina moja kwa watu wawili, kama yule muuzaji wa dukani niliyemtaja.

Mtu atasema kwamba Waholanzi ni matajiri. Naam, lakini kilichowasukuma si utajiri. Ua huoza. Shina lisilojulikana liko wapi leo alasiri ni taka kesho asubuhi, hivyo kila saa ya kukawia ina bei inayoonekana. Chai hukaa gunini miezi kadhaa bila kunuka, na kwa sababu hiyo gharama ya kukawia kwake hubebwa kimyakimya na mtu aliye mbali na Mombasa.

Kahawa nayo imechukua njia ya tatu. Badala ya kuanza na ghala, ilianza na benki. Katika mageuzi ya mwaka wa 2023 ulianzishwa mfumo wa malipo ya moja kwa moja katika Soko la Kahawa la Nairobi, ukiendeshwa na Co-operative Bank. Mnunuzi hulipa mahali pamoja, nao mfumo hugawanya: fungu la chama cha ushirika cha wakulima, la msagaji, la dalali, la ghala na ada nyinginezo. Hapo awali fedha za mkulima zilipitia mikononi mwa watu waliokuwa na madai juu ya fedha hizohizo, na kila mmoja alikata chake kabla ya kusukuma salio mbele.

Huu ni uunganishaji halisi, na unastahili sifa kuliko uliyopata. Hata hivyo, mfumo wa kugawanya fedha hugawanya kwa kufuata takwimu ulizopewa. Ada ya msagaji ikiingizwa isivyo, italipwa kwa kasi na kwa usahihi kamili, isivyo vilevile.

Hapo ndipo penye hoja ya wale wanaouogopa uunganishaji, na si hoja ya kupuuzwa. Madaftari tisa yana uzembe mwingi, lakini pia yana macho tisa. Karani wa ghala anayechapa uzito kwa mkono huweza kushtuka akiona kilo 6,800 mahali pa 680. Mifumo ikiunganishwa, kosa lililoingia kiwandani hufika katika ankara, benki na mamlaka ya ushuru kabla ya chai ya saa nne kunywewa. Tangu Januari 2024, Mamlaka ya Ushuru nchini Kenya imekuwa ikitaka gharama za biashara, isipokuwa zile zilizosamehewa, ziwe na ankara ya mfumo wa eTIMS. Ankara ikishatumwa huko haiwezi kufutwa kwa kalamu. Husahihishwa kwa hati nyingine, nayo huacha alama.

Dawa ya hofu hiyo si kurudi kwenye kalamu. Ni kuweka vizuizi katika viungo vya mifumo: uzito ukipishana kupita kiwango kilichokubaliwa, fungu lisimame hadi mtu alitazame. Mtu huyo awe na jina, na saa aliyoidhinisha iandikwe. Kazi ya makarani haiishi, ila wanaacha kunakili na kuanza kukagua.

La pili ni swali la nani mwenye daftari. Anayeendesha mfumo wa mnada huona nani ametaja bei gani, nani alikaribia kununua akaacha, na fungu gani lilisubiriwa na wengi. Elimu hiyo ni mali. Akiwa dalali, mnunuzi mkubwa au kampuni ya programu iliyofungamana na mmoja wao, soko limeinama upande mmoja hata kama skrini inang'aa. Kwa maoni yangu hapa ndipo wizara na bodi za mazao zingeelekeza nguvu zao, badala ya kubishana kila msimu juu ya siku ya kuzindua jambo jipya.

Kanuni inayohitajika ni fupi. Kila mwenye mzigo apewe haki ya kuchukua, kwa njia ya kielektroniki na bila malipo, habari zote za mzigo wake zilizomo katika mfumo wa mnada, na aziingize katika programu yake mwenyewe, ya bei rahisi au ghali apendavyo. Namba ya kiwanda isibadilishwe na yeyote hadi mzigo uondoke bandarini, hata kama fungu litanadiwa mara tano. Na neno invoisi lipewe maana moja katika hati zote. Hakuna kati ya haya linalohitaji mkopo kutoka ng'ambo.

Viwanda vidogo vitauliza gharama, na wana haki. Programu kubwa za kampuni za Ulaya na Marekani huuzwa kwa leseni za kila mwaka, na fundi wa kuziunganisha huja na bei yake. Kiwanda kimoja kisijaribu peke yake. Kampuni 54 zinazomiliki viwanda vinavyosimamiwa na KTDA zimekuwa zikinunua huduma kwa pamoja kwa muda mrefu, na kiunganishi kimoja kilichoandikwa vizuri kinaweza kutumiwa na zote.

Wala hatuanzi patupu. Katika vituo vingi vya kupokea majani mabichi, mizani za kielektroniki zilichukua nafasi ya zile za kuning'iniza miaka mingi iliyopita, na mkulima huondoka na risiti yenye kilo zake na tarehe. Upande mmoja wa safari una takwimu, na upande wa Mombasa nao una takwimu. Ni kweli kwamba majani ya wakulima wengi huchanganywa kiwandani, hivyo hakuna gunia linaloweza kuitwa la mtu mmoja. Lakini siku ya kuchakatwa inajulikana, kiwanda kinajulikana, na namba ya magunia ya siku hiyo inajulikana.

Mkulima wa Nyamira au Murang'a akiuliza mwezi wa Machi chai ya kiwanda chake ya mwezi wa Januari imeuzwa kiasi gani, kwa bei gani, na magunia mangapi yangali ghalani, vipande vyote vya jibu huwa vimekwisha kuandikwa mahali fulani na mtu fulani. Kwa wengi wao jibu huja kwa sura ya bonasi, miezi kadhaa baada ya mwaka wa fedha kufungwa Juni, likiwa tarakimu moja.